Alama ya X kwenye ukuta wa Mama: tulivyotafuta kibali cha vyumba vya uani vilivyokwisha kujengwa

Alama nyekundu ya X inapochorwa kwenye ukuta wa nyumba jijini Dar es Salaam, watu wengi hufikiria tingatinga kabla hawajasoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilivunjwa ili kupisha upanuzi wa barabara, na kabla ya hapo wakazi wa Bonde la Msimbazi walishuhudia za kwao zikiangushwa. Ndiyo maana maofisa wa manispaa walipopita nyumbani kwa Mama na kuchora X kwenye ukuta wa vyumba vya uani, majirani walimshauri aanze kutoa vyombo, na mdogo wangu wa kiume akanipigia simu huku sauti ikimtetemeka. Nilimwomba anisomee kila kilichoandikwa. Chini ya X palikuwa na maneno "SIMAMISHA UJENZI LETA KIBALI" pamoja na tarehe, na fundi alikuwa ameachiwa karatasi ya ilani iliyomtaka mwenye nyumba afike ofisi ya mhandisi wa manispaa akiwa na michoro na nyaraka za umiliki.

Maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko alama yenyewe. X ya hifadhi ya barabara, ya reli au ya kingo za mto inahusu mahali nyumba ilipo, na hakuna mchoro wala ada itakayoihamisha. X ya kibali inahusu utaratibu uliorukwa na namna jengo lilivyojengwa, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha huwa bado ipo, ingawa marekebisho hayo yanaweza kuwa kubomoa sehemu ya kazi au kazi yote. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini ya mamlaka ya mipango ipatikane kabla ya kuendeleza kiwanja, na kuongeza vyumba au ghorofa kwenye nyumba ya zamani kunahesabiwa kuwa ni uendelezaji. Nimekutana na watu wengi, wakiwemo wasomi, wanaoamini kwamba kibali cha nyumba kubwa kinafunika kila kitakachojengwa baadaye ndani ya uzio. Si hivyo hata kidogo.

Mama alikuwa na imani nyingine, na naieleza kwa sababu nimeisikia pia kwa wengine. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU mtu anaponunua umeme, na Mama alikuwa akilipa hivyo kila mwezi bila kukosa. Alimuuliza ofisa wa manispaa, kwa heshima lakini kwa uchungu, Serikali inawezaje kuchukua kodi ya nyumba na papo hapo kusema haina taarifa ya kilichojengwa. Ofisa alimjibu, "Mama yangu, kodi unalipa kwa kuwa jengo lipo. Sisi tunachotafuta ni mtu aliyelipima na kusema ni salama." Jibu hilo ndilo lililonifungua macho kuhusu kazi iliyokuwa mbele yetu, kwa maana hadi wakati huo nilidhani tunatafuta karatasi tu.

Nyumba kubwa aliijenga marehemu Baba miaka ya 1980 kwenye kiwanja kilichopimwa, kwa kibali na kwa michoro. Baada ya Baba kufariki na pensheni kuonekana haitoshi, vilijengwa vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba, kisha mdogo wangu akapata wazo la kupandisha ghorofa juu yake. Alimpata fundi mzuri wa mtaani, mtu mwaminifu ambaye kuta zake hunyooka na plasta yake haipasuki. Hapakuwa na mchoro wala mhandisi, na vipimo vya nguzo na nondo vilitokana na uzoefu wa fundi huyo kwenye nyumba nyingine. X ilipochorwa, slabu ilikuwa imemwagwa siku chache tu zilizopita, nguzo za juu zilikuwa zimeanza kusimama, na ngazi za nje zilikuwa zimekamilika upande wa ukuta wa jirani.

Ushauri wa mtaani ulikuja haraka. Wapo waliosema tufanye kazi usiku na siku za Jumapili hadi tupaue, kwa kuwa jengo lililopauliwa halivunjwi. Wapo waliosema tupake chokaa juu ya X. Wapo waliosema tumtafute "mtu" ndani ya ofisi. Tulikataa yote matatu, na sababu ya kukataa haikuwa woga wa faini peke yake. Kila tofali linaloongezwa baada ya ilani ni ushahidi kwamba mwenye nyumba alionywa akapuuza, na pia ni uzito unaoongezwa juu ya nguzo ambazo hakuna mtu anayejua zina uwezo gani.

Hata hivyo kusimamisha ujenzi kuna hatari yake ambayo watu hawaizungumzii. Mafundi walipoambiwa waondoke, walitaka kuondoka na mirunda iliyoshikilia slabu, maana ilikuwa ya kukodi na mwenyewe aliitaka. Zege changa halijafikia nguvu yake. Nguvu inayotumika katika hesabu za wahandisi ni ile ya siku ya 28, na katika siku za mwanzo linahitaji kumwagiliwa maji na kushikiliwa. Kuitoa mirunda wakati ule kungeweza kutuletea msiba ambao ilani ilikusudia kuuzuia. Nilimwandikia mhandisi wa manispaa barua fupi nikimweleza kwamba kazi yote imesimama, na nikaomba ruhusa ya kuacha mirunda mahali pake na kuendelea kumwagilia slabu. Aligonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akaandika kwa mkono kwamba hana pingamizi. Mkaguzi alipopita tena na kumkuta kijana akimwagilia maji juu, nakala ile ilimaliza mjadala pale pale.

Tulipofika ofisini kuomba kibali, swali la kwanza lilikuwa: mwombaji ni nani? Hati ya kiwanja ilikuwa bado kwa jina la marehemu Baba, na marehemu haombi kibali. Bahati nzuri shauri la mirathi lilikuwa limekwisha kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo na Mama aliteuliwa kuwa msimamizi, kwa hiyo Fomu namba 4 ya mahakama, barua ya serikali ya mtaa na nakala ya hati vilitosha kumfanya yeye awe mwombaji. Familia ambazo hazijafungua mirathi hukwama hapa kwa muda mrefu wakati ilani inaendelea kuhesabu siku, na ningependa kila anayeishi katika nyumba ya marehemu mzazi wake alifahamu jambo hili kabla hajaleta hata lori moja la mchanga.

Masijala ya ardhi ilitupatia kitu ambacho hatukukitegemea: jalada la zamani la kiwanja, likiwa na mchoro wa nyumba aliyoijenga Baba. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi na kuchanika mikunjoni, lakini ilionyesha mpaka wa kiwanja, mahali pa shimo la maji machafu na nafasi iliyotakiwa kuachwa wazi pembeni, mita moja na nusu kutoka kwenye mpaka. Ngazi zetu mpya zilikuwa zimesimama ndani ya nafasi hiyo. Tena zilipita karibu kabisa na mfuniko wa shimo, kiasi kwamba ofisa afya alipolitazama eneo lile aliuliza bomba la gari la kunyonya maji machafu litapita wapi. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kumpata mhandisi na kumpa cha kukagua. Kwa jengo ambalo halijaanza, mhandisi huchora na fundi akafuata. Kwa jengo lililokwisha kusimama, mhandisi anaombwa aweke muhuri wake, na kwa hiyo jina lake na usajili wake, juu ya vitu alivyovikuta vimefunikwa: nondo zilizo ndani ya zege, msingi ulio chini ya udongo, mchanganyiko wa saruji na kokoto ambao hakuuona ukichanganywa. Yupo mtu aliyejitolea kutuuzia michoro yenye muhuri bila hata kufika nyumbani. Nilitafuta jina la mhandisi lililo kwenye muhuri huo katika orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, lakini sikuliona. Orodha za bodi hiyo, za Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na za Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ziko wazi kwa kila mwananchi, na kuzitazama hakuchukui muda mrefu.

Mhandisi tuliyempata kwa njia hiyo alikuja na nyundo maalumu ambayo hugongwa kwenye uso wa zege na kudunda, kisha ikaonyesha namba inayoashiria ugumu. Aliipitisha kwenye kila nguzo na kwenye slabu, akaandika namba zote, halafu akatuambia kwamba namba hizo peke yake hazimtoshi. Aliomba fundi achimbe shimo pembeni ya msingi hadi chini kabisa, na abangue zege kwenye guu la nguzo mbili mpaka nondo zionekane. Nilikuwa nimesimama pale. Kipande cha kwanza cha zege kilipodondoka, nondo zilionekana, za milimita 12, zikiwa safi bila kutu, na mhandisi akachuchumaa na futi kamba yake kupima umbali kati ya ringi moja na nyingine, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo za wima. Alipima mara ya pili, akamwita fundi asome mwenyewe. Ilikuwa zaidi ya sentimita 30. Alieleza kwamba kwa kanuni anayoitumia, ringi za nguzo haziruhusiwi kuachana kwa umbali unaozidi mara 12 ya unene wa nondo ndogo, na kwa nondo za milimita 12 hiyo ni kama sentimita 14. Ringi ndizo zinazozuia nondo za wima zisipinde nguzo inapoelemewa. Zikiwa mbalimbali, nguzo inaweza kuonekana imara miaka mingi chini ya bati, na ikashindwa siku itakapowekewa ghorofa na watu.

Kuhusu slabu tulikuwa na wasiwasi zaidi, kwa kuwa kuibangua ni kuiharibu. Hapo ndipo fundi alipotoa simu yake, yenye kioo kilichopasuka, akasema ana picha. Alikuwa na mazoea ya kupiga picha kazi zake ili awaonyeshe wateja wengine, na katika picha hizo zilionekana nondo za slabu zikiwa zimefungwa kwa waya kabla zege halijamwagwa, na katika moja ya picha hizo futi kamba yake ilikuwa imelala juu ya nondo. Mhandisi alizikuza picha zile moja baada ya nyingine, akahesabu, akalinganisha na vipimo vya chumba, akasema, "Fundi, picha hizi zimeiokoa slabu yako." Fundi huyo, ambaye tangu alfajiri alikuwa kimya kama mtu anayesubiri hukumu, alianza kueleza mwenyewe kila hatua aliyoifanya, pamoja na zile alizokuwa na mashaka nazo. Ninaamini kwamba kumheshimu fundi kulitusaidia sana. Familia nyingi humfukuza fundi mara tu ilani inapofika, na kumfukuza ni kumpoteza shahidi pekee wa vitu vilivyofunikwa.

Taarifa ya mhandisi ilipotoka, matokeo yake yalikuwa ya aina tatu. Vyumba vinne vya chini pamoja na slabu vingeweza kubaki, slabu ikitumika kama paa. Nguzo za juu ilikuwa lazima zikatwe, kwa sababu nguzo za chini na msingi wa mkanda usio na besi, yaani zege pana la kusimamia nguzo, havikuweza kubeba ghorofa. Ngazi za nje ilikuwa lazima zivunjwe zote ili kurudisha ile mita moja na nusu na kulifungua shimo.

Mdogo wangu aliumia. Fedha za nguzo na ngazi zilikuwa akiba yake, na alisema, "Dada, tukiongeza nondo pembeni ya nguzo na kuzivika zege jingine, si zitabeba?" Swali hilo halikuwa la kijinga, na mhandisi alilijibu kwa makini: kuivika nguzo kunawezekana na hufanyika, lakini kungelazimu kufukua msingi wote na kumwaga besi mpya chini ya kila nguzo, na gharama yake ingezidi kujenga upya. Mama ndiye aliyefunga mjadala. Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, alikaa mbele ya televisheni akifuatilia waokoaji siku baada ya siku, na alikumbuka pia jengo lililoanguka katikati ya jiji mwezi Machi 2013 na kuua watu 36. Alimwambia mdogo wangu kwamba wapangaji wake ni watoto wa watu, wawili kati yao ni wanafunzi waliokabidhiwa kwake na wazazi wao kutoka mikoani, na hatalala usingizi akijua kwamba juu ya vichwa vyao kuna kitu ambacho mhandisi alikikataa. Baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia tena.

Maombi yenyewe yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kazi kubwa ilikwisha kufanyika. Msanifu aliyesajiliwa alichora jengo lilivyo, akatofautisha kwa rangi kilichopo, kinachobomolewa na kinachobaki. Mhandisi akaambatanisha michoro yake na taarifa ya vipimo pamoja na picha za fundi. Na maombi yakaingizwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, ambao hupokea maombi ya vibali vya ujenzi. Tulilipa ada ya kibali na faini ya kuanza ujenzi bila kibali, zote kwa namba ya malipo ya Serikali, na risiti zake tunazo. Faini iliuma, lakini haikukaribia gharama ya kuvunja ngazi na nguzo kwa nyundo, kipande kwa kipande, ili slabu iliyo chini isitikisike, na kukodi magari ya kuondoa kifusi. Mtu anayepiga hesabu ya kuruka kibali kwa kulinganisha ada na faini anahesabu sehemu ndogo kabisa ya hasara.

Kuna jambo ambalo ningelifanya mapema zaidi kama ningejua faida yake, nalo ni kuzungumza na jirani. Mzee anayeishi nyuma yetu alikuwa amelalamika serikali ya mtaa kwamba ngazi zile zinamfanya kila apandaye aone uani kwake, ambako binti zake huoga na kufua. Tulipokwenda kumsalimia na kumwonyesha mchoro mpya, alitupokea vizuri, akatuomba jambo moja tu, kwamba dirisha la chumba cha mwisho liinuliwe juu ya usawa wa macho. Msanifu aliliingiza ombi hilo kwenye mchoro, na mzee huyo akaandika barua kwamba hana pingamizi. Ofisa mipango miji aliisoma barua hiyo kwa makini kuliko nyaraka nyingine nyingi tulizompelekea.

Kibali kimetoka kwa jina la Mama, msimamizi wa mirathi, kikiwa na masharti: mhandisi wa manispaa akague kila sehemu kabla haijafunikwa, bango la kazi liwekwe likiwa na namba ya kibali na majina ya wataalamu, na shimo jipya la maji machafu lichimbwe mbele ya kiwanja ambako gari linafika. Ukuta wenye X umepakwa rangi baada ya mkaguzi kuandika kwenye jalada kwamba ilani imefutwa, na tuliomba nakala ya maandishi hayo kabla ya kugusa brashi. Shimo limechimbwa na kujengewa, ila ofisa afya hajafika kulikagua, na hadi atakapolikagua na kusaini, vyumba viwili vya mwisho havitapangishwa. Wameshafika watu kuviulizia, na Mama huwaambia warudi mwezi ujao.